Kutu si uchafu: tuache kusugua mikebe ya zamani

Kila mara tunapowaomba wanafunzi wetu wa Kamina walete vitu vya zamani, kuko wenzetu wanaotucheka: «Mwalimu, mukebe ya pombe yenye kutu, ile nayo ni desturi?» Wanataka tuseme tu juu ya lukasa na mbudye. Sisi tunajibu: ndiyo, hata mukebe. Na adui yake mkubwa si kutu. Ni muchanga na burashi ya chuma.

Mwanafunzi mmoja alituletea mukebe aliouchimbua shambani. Chini ya kutu, herufi mbili tatu zilionekana. Tulimuambia auchunge nyumbani. Nyuma ya siku tatu aliurudisha uking'aa sawa sahani ya arusi: watu wa nyumba waliusugua na muchanga na majivu, wapate kupimia unga. Herufi zote zilikwisha. Kosa lilikuwa letu, maana hatukumufundisha kitu.

Basi tufundishe sasa. Mukebe hauna cheti cha kuzaliwa, lakini unasema umri wake. Mikebe ya kwanza ya pombe iliuzwa Marekani mwaka 1935, na ilitobolewa kwa chuma. Ile ya kuvuta ulimi na kuutupa ilikuja miaka ya 1960. Ile ambayo ulimi unabakia juu yake, tangu 1975. Kisha soma majina. Kukiandikwa Élisabethville, fikiri mbele ya 1966, mwaka mji ulipopewa jina la Lubumbashi. Kukiandikwa inchi ya Zaïre, ni kati ya 1971 na 1997. Hata vibao vya reli ni vile vile: SNCC ilizaliwa 1974, kwa jina lingine, na BCK ni jina la mababu zake. Ukifuta neno moja, umefuta mwaka.

Kusafisha kuko na njia yake. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini. Kutu ikikataa, tia maji ya ndimu, lakini jaribu kwanza pembeni, na usiende kulala: ndimu inakula rangi pia. Suuza, kausha sana, pakaa mafuta kidogo tu. Rangi ikianza kutoka, acha pale pale. Afazali mukebe muchafu unaosema kuliko musafi ulio bubu. Na andika fasi ulipoupata.

Sisi wa Haut-Lomami hatuna haki ya kucheka chuma cha zamani. Mwaka 1957 na 1958, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimbua makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale. Walikuta misalaba midogo ya shaba pamoja na wafu. Kwa ukubwa wake, na kwa kaburi ilimolala, wenye elimu walijua ipi ilitangulia na ipi ilifuata. Kama mutu angaliing'oa mbele yao na kuiuza kwa kilo, leo tungaliwaambia watoto nini juu ya mababu wao?

Mukebe si musalaba wa shaba, tunajua. Lakini katika Novemba 1964 waaskari Wabeljiki walipita kwenye base ya Kamina wakienda Stanleyville, na wazee waliowaona wanapunguka kila mwaka. Wakiisha wote, vitabakia vyuma. Tusiviziibe midomo kwa muchanga.