Mchoro wa Moyo Usiishie Kwenye Faili

Tarehe 22 Machi 1905, mjini Leiden, Uholanzi, Willem Einthoven alipokea maabarani kwake mchoro wa umeme wa moyo wa mtu aliyekuwa hospitalini, umbali wa kilomita 1.5. Mchoro ulipita kwenye waya wa simu. Mashine yake ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi na ilihitaji watu watano kuiendesha, kwa hiyo haikuwezekana kuibeba hadi kitandani kwa mgonjwa. Einthoven, aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924, aliona ni rahisi zaidi kuusafirisha mchoro.

Toleo hili linahusu ramani za umeme wa moyo, na makala zake zinaonyesha jinsi elimu hii ilivyopiga hatua. Mwaka 1998, Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walitoa matokeo ya wagonjwa 45 ambao vyumba vya juu vya mioyo yao vilikuwa vikitetemeka badala ya kupiga. Kwa kupitisha katheta, yaani mrija mwembamba, ndani ya moyo na kupima umeme hatua kwa hatua, waligundua kwamba asilimia 94 ya vyanzo vya vurugu hiyo vilikuwa kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Wengi hawakutarajia kuvikuta huko. Siku hizi kompyuta huchora moyo wa mgonjwa kwa rangi, ikionyesha umeme unakoanzia na unakochelewa, na daktari huunguza penye kasoro tu. Ni kazi ya kustaajabisha, nasi tumeipa kurasa nyingi kwa moyo mkunjufu.

Lakini mgonjwa hafiki kwenye chumba cha katheta bila kwanza kupita kwenye kipimo cha kawaida cha ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo: vibandiko kumi, karatasi yenye miraba, dakika chache. Umeme unaofika kwenye ngozi ni kidogo mno, wastani wa millivolti moja, na kila mraba mdogo wa karatasi ni sekunde 0.04. Kwa hiyo mkono wa mpimaji una uzito mkubwa. Kibandiko cha kwanza cha kifua hukaa kwenye nafasi ya nne kati ya mbavu, kando ya mfupa wa kidari, upande wa kulia. Kikipandishwa hadi nafasi ya pili, kama inavyotokea mara nyingi kwa haraka, mchoro unaweza kuonyesha kovu la moyo kwa mtu asiye nalo. Nafasi hiyo hutafutwa kwa kidole, mbavu kwa mbavu, haikadiriwi kwa macho.

Mchoro ukishatoka vizuri, nani anausoma? Hapo ndipo penye hoja yetu. Tanzania ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam tangu mwaka 2015, lakini mtu anayebanwa na kifua usiku akiwa Sumbawanga yuko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka hapo. Mchoro wake unaweza kuwa unaonyesha wazi kwamba mshipa wa moyo umeziba, na saa za mwanzo ndizo zenye nafasi kubwa ya kuuokoa msuli. Karatasi hiyo ikiwekwa kwenye faili kungoja daktari wa asubuhi, kipimo kimefanyika bure.

Kilichomgharimu Einthoven waya na maabara nzima, leo tabibu anakifanya kwa simu ya mkononi. Kinachohitajika ni utaratibu: nani anapokea, anajibu ndani ya dakika ngapi, na jina la mgonjwa linalindwaje. Gharama yake haifikii hata kidogo bei ya mashine moja ya kuchora ramani za rangi.

Tunaziomba hospitali zote za rufaa ambazo bado hazijafanya hivyo zitangaze kwa vituo vya afya vya mikoa yao namba moja ya kupokea michoro ya moyo, yenye mtu wa zamu usiku na mchana.