Latvia: juu ya nini watoto wa Kirusi wanasoma sasa paka mu Kilatvia

Tangu mwezi wa tisa 2025, darasa zote za kwanza mpaka ya tisa mu shule za inchi ya Latvia zinapaswa kufundisha hesabu, historia na masomo mengine mu lugha moja tu: Kilatvia. Bunge lilipitisha sheria hiyo mwezi wa tisa 2022, miezi saba nyuma ya Urusi kuvamia Ukraine. Kazi ilianza 2023 na darasa la 1, la 4 na la 7, kisha zingine zikafuata mwaka kwa mwaka. Mtoto mwenye wazazi wanasema Kirusi anabakiwa na masaa ya ziada ya lugha na utamaduni wake, basi.

Kwa mbali, mtu anaweza kuona ni kisasi juu ya vita. Vita iliharakisha mambo, ndiyo. Lakini mabishano yenyewe ni ya zamani sana.

Latvia ni inchi ndogo pembeni ya bahari ya Baltiki, na wakaaji wake hawafike milioni 2. Kilatvia na Kilituania cha jirani ni lugha mbili tu zilizobaki mu ukoo wao. Wajerumani walifika mu karne ya 12 na msalaba na upanga, na 1201 wakaanzisha muji wa Riga. Kwa muda wa karibu miaka 700, mwenye mashamba, pasta na mfanyabiashara mkubwa walikuwa watu wa Kijerumani. Kilatvia kilikuwa lugha ya mtumishi. Wafalme wa Poland, wa Uswidi na wa Urusi walipita mmoja nyuma ya mwingine, lakini wenye mashamba walibaki wale wale. Kitu kimoja kinashangaza: Biblia nzima ya kwanza mu Kilatvia, ile ya 1689, ilitafsiriwa na pasta Mjerumani, Ernst Glück. Wale waliodharau lugha ndio waliipatia kitabu chake kikubwa.

Mu miaka ya 1880, serikali ya mfalme wa Urusi iliingiza Kirusi mu shule. Upande wa mashariki, jimbo la Latgale, mambo yalikuwa magumu zaidi: kutoka 1865 mpaka 1904 ilikatazwa kuchapisha vitabu kwa herufi za Kilatini. Watu wakanakili kwa mkono. Mkulima mmoja, Andryvs Jūrdžs, anakumbukwa mpaka leo kwa kazi hiyo.

Inchi ilipata uhuru 1918. Kwa miaka michache Wajerumani, Warusi, Wayahudi na Wapolandi walikuwa na shule zao, kila mmoja mu lugha yake. Mambo hayo hayakudumu. Kuanzia 1939 Hitler aliita Wajerumani warudi kwake. Wayahudi karibu 70,000 waliuawa wakati wa vita, wengi wao mu 1941, na Kiyidishi kikanyamaza mu miji ambako kilikuwa kinasikilika kila siku sokoni.

Halafu Wasovieti. Hapa ndipo kidonda kinapouma mpaka leo. Mwezi wa tatu 1949 tu, watu zaidi ya 40,000 walipakizwa mu treni na kupelekwa Siberia. Viwanda vikajengwa, na wafanyakazi wakaletwa kutoka Urusi na sehemu zingine za Umoja wa Kisovieti. Mu 1935 Walatvia walikuwa watatu kati ya wakaaji wane. Mu 1989 walikuwa asilimia 52, na mu Riga wakawa wachache mu muji wao wenyewe. Shule zilikuwa za aina mbili, lakini mzigo ulibebwa na upande mmoja: Mlatvia alipaswa kujua Kirusi, na Warusi waliojua Kilatvia hawakufika robo.

Kuna pia mfano wenye kutisha. Wavuvi wa pwani ya kaskazini walikuwa na lugha yao, Kilivonia, ndugu ya Kiestonia. Wasovieti walifanya pwani ile kuwa mpaka wa jeshi, uvuvi ukabanwa, vijiji vikabaki vitupu. Mtu wa mwisho aliyekizungumza toka utotoni, mama Grizelda Kristiņa, alikufa 2013 mbali sana, kule Kanada, akiwa na miaka 103. Leo sheria ya lugha inalinda Kilivonia kama lugha ya wenyeji, lakini wenye kukijua ni wale waliojifunza mu vitabu.

Ndiyo maana Walatvia wengi hawacheke na neno « lugha ya taifa ». Mu 1991 uraia ulirudishiwa wale tu waliokuwa raia mbele ya 1940 na wazao wao. Watu karibu 700,000 walibaki bila uraia, na kuupata kunaomba kupita mtihani wa Kilatvia. Mu 2012 raia waliulizwa kama Kirusi kiwe lugha ya pili ya serikali: karibu asilimia 75 walikataa. Watu wasio na uraia hawakupiga kura, hata kama swali liliwagusa kuliko wengine. Mabadiliko ya shule yaliyotangulia, ya 2018, yalifikishwa mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na 2023 ikasema hayana ubaguzi.

Lakini haki ya kulinda lugha ni kitu kimoja, ginsi ya kuilinda ni kingine. Kupatia mtoto wa darasa la 7 fizika mu lugha ambayo hasikie nyumbani, na walimu walikuwa tayari wachache, ni kumubebesha deni la babu zake.

Wazee nao hawana darasa. Mu 2022 televisheni za Urusi zilifungwa mu Latvia, sababu ya propaganda ya vita. Mwaka uliofuata bunge likapitisha mpango wa usalama wa taifa: kuanzia tarehe 1 mwezi wa kwanza 2026, vyombo vya habari vya serikali vitumie Kilatvia na lugha za utamaduni wa Ulaya tu. Kirusi hakihesabiwe mu lugha hizo. Kule Daugavpils, muji wa pili kwa ukubwa, karibu na mpaka wa Belarus, Kirusi ndicho kinasikilika zaidi barabarani. Mzee wa kule mwenye hajue Kilatvia atatafuta habari fasi gani? Moscow haijaacha kusema, na intaneti haina mpaka.