Moyo wa Mpwani Unataka Namba, Picha Haitoshi

Leo tuyaweke kando mambo ya simu, tuzungumzie moyo. Msiogope, tutarudi kwenye kompyuta upesi.

Kuna kipimo ambapo mgonjwa hudungwa dawa yenye mionzi kidogo. Dawa hiyo huenda na damu hadi kwenye misuli ya moyo, na kamera iliyo nje ya mwili huhesabu miale inayotoka. Hupimwa mara mbili: moyo ukiwa umetulia, kisha ukiwa umesukumwa kwa mazoezi au kwa dawa.

Tatizo ni hili. Picha ya kawaida hulinganisha sehemu za moyo zenyewe kwa zenyewe. Inayong'aa kuliko zote hupewa 100, nyingine hupimwa kwa hiyo. Nyinyi waandishi wa programu mshajua pa kushika: tumegawanya kila kitu kwa thamani kubwa kuliko zote. Je, mishipa yote mitatu mikubwa inayolisha moyo ikiwa imeziba kwa kiasi kimoja? Picha hutoka sawasawa, kama ya mtu mzima wa afya, na mgonjwa anaweza kurudishwa nyumbani. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kipimo cha PET kinaweza kulitatua hilo. Kamera hurekodi tangu dawa inapoingia, kisha programu hulinganisha dawa iliyo katika damu na ile iliyonaswa na misuli. Jibu lake ni namba: mililita za damu kwa dakika kwa kila gramu ya misuli. Moyo mzima ukisukumwa huweza kuongeza mtiririko mara tatu au zaidi. Usipofika hata mara mbili, daktari huingiwa na shaka, picha ipendeze vipi.

Sasa tuje Malindi na Kilifi. Amonia yenye naitrojeni-13 hupungua nusu kila dakika 10, kwa hiyo mtambo wa saiklotroni unaoitengeneza lazima uwe jirani. Nairobi saiklotroni zipo, Aga Khan na KUTRRH. Kutoka huko hadi Malindi ni kama kilomita 600 kwa barabara. Rubidiamu-82 ni sekunde 76 tu, ingawa hukamuliwa papo hapo kutoka jenereta (si ile ya stima!) yenye strontiamu-82, inayopungua nusu kwa siku 25. Hiyo ni ghali, yataka wagonjwa wengi.

Lakini Septemba 2024 Marekani iliidhinisha flurpiridaz, yenye florini-18. Hii hupungua nusu kila dakika 110. Piga hesabu: baada ya saa tatu, hubaki karibu theluthi moja. Ndege ya Nairobi hadi Malindi ni kama saa moja. Kwa hesabu ya fizikia, yawezekana.

Ndiyo maana nasema, mwanasiasa akituahidi mashine, tumuulize kwanza: dawa itatoka wapi, itafika na nguvu kiasi gani, na nani atasoma namba? Mashine isiyo na dawa ni kabati la bei mbaya.

Na sisi vijana wa kompyuta tuna kazi hapo. Mgonjwa mmoja akichelewa saa moja, karibu theluthi ya dawa yake imekwisha. Panahitajika programu ya kupanga foleni inayojua saa ya ndege, matatu ya kutoka Kilifi, na kasi ya dawa kuisha. Hilo halihitaji saiklotroni, linahitaji mtu na kompyuta.

Wanaosema haya ni makubwa mno kwa Pwani wakumbuke tarehe 12 Desemba 1970. Siku hiyo setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaenda kuhesabu miale ya eksirei kutoka angani. Ile ilikuwa kazi ya Waitaliano na Wamarekani. Hii ya moyo ni yetu, tena wagonjwa ni wazazi wetu.

Wewe waonaje?