Kabla ya kuchoma karatasi za wazee wetu



Safu hii imezoea kuzinasihi familia. Leo ni zamu yetu sisi wenye kunasihi kukiri kosa. Kabla ya Ramadhani iliyopita, kamati ya msikiti wetu hapa Karatu ilisafisha stoo. Humo mlikuwa na misahafu iliyochakaa, juzuu za madrasa zilizoliwa na mchwa, na kasha la bati lililoletwa na familia ya mzee mmoja wa Mang'ola aliyefariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tulilifungua kasha, tukaona karatasi za rangi ya chai zilizojaa herufi za Kiarabu, tukahukumu papo hapo kuwa ni kurasa za Qur'ani na vitabu vya dini. Wanavyuoni wameruhusu karatasi za namna hiyo, zikishachakaa, zichomwe au zizikwe mahali pasipokanyagwa. Tukazichoma nyuma ya msikiti, majivu tukayafukia chini ya mti, tukarudi majumbani tukiona tumefanya ibada.

Siku ya pili yake mwanafunzi mmoja wa madrasa, binti mdogo, alituletea daftari lililoanguka njiani tulipokuwa tukibeba kasha. Tulilifungua kwa haraka, na kwa kuwa tumesoma chuo na Kiarabu tunakijua, tukaanza kusoma. Hatukuelewa hata mstari mmoja. Neno la kwanza tulilisoma "ghubi", na katika Kiarabu tulichofundishwa neno hilo halimo. Tukasoma "shakula", tukasimama. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi barazani akisubiri adhana ya alasiri alicheka, akasema, "Katibu, huyo si ng'ombe? Na hicho si chakula? Soma kwa sauti, usisome kwa macho." Tukasoma kwa sauti, na kweli, kilichotoka kinywani mwetu kilikuwa Kiswahili. Wazee walipoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hawakuwa na alama za sauti zetu zote: mara nyingi "p" iliandikwa kama "b", "ch" kama "sh", "o" na "u" zikashirikiana alama moja, na ile "n" au "m" inayotangulia herufi nyingine ikaachwa msomaji aijaze mwenyewe. Daftari lile lilikuwa na bei za ng'ombe na vitunguu, madeni na mashahidi wake, na tarehe walizozaliwa watoto wa nyumba ile kwa mwaka wa Hijria.

Hata hapo tulijifariji kwamba kilichoungua kilikuwa hesabu za biashara tu. Lakini wiki mbili baadaye alikuja bintiye marehemu, mama wa makamo aliyetoka Mang'ola kwa basi la asubuhi. Baada ya shikamoo na marahaba alituuliza kama kasha la baba yake lipo salama. Alisema babu yake, aliyehamia huku kutoka Kondoa, alitunga utenzi wa safari yake na wa mambo aliyoyaona njiani, na baba yake alikuwa akiusoma kila mwezi wa Maulidi. Ulikuwa katika daftari lililoshonewa kitambaa chekundu. Tulikumbuka kile kitambaa, maana kilichelewa kushika moto. Tulipomweleza alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Katibu mwanangu, sisi tulilileta msikitini liwekwe. Nyumbani kuna mchwa, tukaona kwenu litahifadhika." Hakusema zaidi ya hayo, na hatukuwa na jibu la kumpa.

Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza: ni mangapi waliyoyaandika wazee wetu mwanzoni mwa karne iliyopita, na ni mangapi yaliyotufikia? Tulipofuatilia, tuliona kwamba machache tunayojivunia leo nusura nayo yapotee, na mara nyingi yaliyaokolewa na mikono isiyokuwa yetu.

Tuanze na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo. Alisoma dini kwa masheikh wa pwani na akafundisha watoto Qur'ani. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki, mahali walipoandaliwa Wajerumani waliokuwa wakija kututawala. Mwaka 1903 kikachapishwa huko Ujerumani kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni kazi yake. Humo ameeleza maisha ya Mswahili tangu kuzaliwa mpaka kuzikwa: jinsi mtoto anavyopelekwa chuoni kwa mwalimu, michezo, posa na harusi, maradhi na dawa zake, utumwa, kesi na hukumu, mpaka matanga. Yeyote anayetaka kujua bibi wa bibi yake aliolewa vipi hana kitabu cha zamani kilicho bora kuliko hicho. Lakini mbele ya kitabu lilitangulia jina la Carl Velten, Mjerumani aliyezikusanya habari hizo. Ilipofika mwaka 1981, tafsiri ya Kiingereza ilipochapishwa Marekani, ndipo jina la Mtoro lilipowekwa mahali pake.

Maisha yake mwenyewe yanahuzunisha. Huko Berlin alidharauliwa na baadhi ya wale wale aliowafundisha, akaacha kazi. Alioa mke wa Kijerumani, na mwaka 1905 alipojaribu kurudi naye nyumbani, serikali ya kikoloni ilikataa kuwaruhusu washuke pamoja. Akarejea Ujerumani, akaishi huko mpaka alipofariki mwaka 1927. Mtu aliyetuandikia namna Waswahili wanavyozikana alizikwa mbali na Waswahili wenzake.

Wa pili ni Abdallah bin Hemedi, mtunzi wa Habari za Wakilindi. Huyu alikaa miaka mingi Usambara karibu na watawala, akasikiliza wazee, akaandika historia ya ukoo wa Wakilindi tangu Mbega, mwindaji aliyekuja kuwa mfalme wa Wasambaa. Kazi hiyo ilitoka kwa sehemu tatu kati ya mwaka 1895 na 1907, na mtambo uliochapa ulikuwa wa wamisionari wa Kiingereza wa Magila, wilaya ya Muheza ya leo. Tuliangalie jambo hilo kwa insafu: Mwislamu aliandika, Wakristo wakachapa, na historia ya Wasambaa wa dini zote ikabaki. Mwaka 1962 kitabu hicho kilichapwa tena, nacho ni miongoni mwa vitabu vya nathari vya Kiswahili vya mwanzo ambavyo Mwafrika amesimulia humo historia ya watu wa bara.

Wa tatu ni Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905 na kuendelea hadi 1907, kusini mwa nchi yetu paliteketea vijiji na mashamba, na njaa ikaua watu wengi sana. Wajerumani waliandika ripoti zao. Abdul Karim aliandika utenzi, kwa bahari ile ile wazee waliyotungia sira za Mitume na vita vya Waislamu wa mwanzo. Kwa hiyo vita hivyo tunavyo pia kwa jicho la mtu wa pwani aliyekuwa karibu navyo. Utenzi huo ulichapishwa Berlin mwaka 1933, kisha Afrika Mashariki mwaka 1957. Kati ya vita na chapa ya kwanza ilipita zaidi ya miaka 25. Katika miaka yote hiyo kilichosimama kati ya kazi hiyo na kupotea ni karatasi, na mtu aliyekubali kuitunza.

Ndugu wasomaji, hatusemi kwamba kila kilichomo katika maandishi hayo ni cha kufuatwa. Mtoro ameeleza pia habari za pepo, za mizimu na za ngoma, na mengine humo yanapingana na sheria. Lakini kuhifadhi si kuidhinisha. Asiyejua babu zake walikosea wapi atalirudia kosa akidhani ni jambo jipya, na asiyejua walipatia wapi atatafuta kwa wageni kile kilichokuwa nyumbani kwake.

Wala hatusemi kwamba Waislamu wote walisubiri wageni wawachapie. Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa Sahifa mwaka 1930, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah. Makala zake zikakusanywa baadaye katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Alitambua mapema kwamba nasiha inayosemwa mimbarini peke yake huishia mlangoni, na inayoandikwa humfikia hata asiyehudhuria. Gazeti hili mnaloshika mikononi linafuata njia hiyo hiyo.

Hapa kwetu Karatu kila siku magari hupita kwenda Ngorongoro. Wageni hutoka mbali kwenda kutazama makumbusho ya Olduvai na kusikia habari za nyayo za Laetoli, ambazo wataalamu wanakadiria kuwa na umri wa miaka milioni 3.6. Nyayo zile zilidumu kwa sababu zilikanyagwa katika majivu ya volkano, yakagandamana, na yakafunikwa na mengine. Vijana wetu wanaoongoza watalii wanazieleza vizuri sana, na ni jambo la kupongezwa. Lakini tukiwauliza babu zao walifikaje Karatu, wangapi watajibu? Wako waliotoka Kondoa, wako waliotoka pwani na biashara, wako Wairaqw waliosilimu hapa hapa, na kila nyumba ina habari yake. Habari hizo hazina hata miaka mia, na majivu yake tumeyafanya sisi wenyewe.

Sababu moja ni kwamba tumesahau kusoma. Baada ya tahajia ya Kiswahili kusanifishwa kwa herufi za Kirumi katika miaka ya 1930, shule hazikuwa na haja tena na mwandiko wa zamani. Ukabaki madrasa, na madrasa ikautumia kwa Kiarabu tu. Matokeo yake kijana wa leo akiona alifu na be anadhani anaona Qur'ani. Huibusu karatasi, huiweka juu ya kabati, na ikichakaa huichoma. Heshima ni nzuri, lakini heshima isiyosoma inaweza kuangamiza kile inachokiheshimu.

Kwa hiyo kamati yetu imeamua mambo manne, na tunawanasihi wenye misikiti na familia wayafikirie.

Kwanza, karatasi yoyote iliyoandikwa kwa mkono haitachomwa kabla ya kusomwa kwa sauti na watu wawili, mmoja anayejua Kiarabu na mwingine mzee anayejua Kiswahili cha zamani. Kurasa za misahafu ya kuchapwa zitashughulikiwa kama kawaida.

Pili, familia ikileta kasha msikitini tutaiuliza: mnalileta litunzwe, au liteketezwe? Jibu litaandikwa katika daftari la kamati mbele ya shahidi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, imeamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Amana nayo inastahili uangalifu huo.

Tatu, kila ukurasa upigwe picha kwa simu mchana, penye mwanga, kabla daftari halijaanza kupitishwa mkono kwa mkono. Daftari lenyewe lirudi kwa wenyewe, liwekwe pakavu, mbali na sakafu na mchwa. Familia ikipenda, ipo hazina ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ipo Nyaraka ya Taifa Zanzibar. Huko zimetunzwa karatasi nyingi zilizotoka majumbani kama mwetu.

Nne, na hili ni la wazazi: mzee akiwa hai, mwekeni mtoto mbele yake na kalamu. Aulize alizaliwa wapi, alifikaje hapa, nani alimfundisha, mwaka wa njaa walikula nini. Aandike kwa herufi anazozijua, na aandike jina la msimulizi juu ya ukurasa, yasije yakampata yaliyompata Mtoro.

Lile daftari moja lililosalia tumelipiga picha, na madrasa imeanza kulisoma kila Alhamisi baada ya alasiri, mzee wetu wa barazani akisahihisha. Yule binti aliyeliokota njiani ndiye anayeandika. Katika ukurasa wa tisa tulikuta tarehe aliyozaliwa yule mama wa Mang'ola, pamoja na jina la mkunga. Tulimpigia simu kumsomea. Alituomba tusome mara ya pili, kisha akauliza kama kuna mistari yoyote ya utenzi iliyonakiliwa humo. Hakuna. Ametukumbusha kwamba yeye anakumbuka beti chache kwa moyo, naye ni mtu mzima. Inshaallah Jumamosi hii tutakwenda Mang'ola na daftari jipya.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tulichokiteketeza kwa kutojua, awarehemu walioandika na waliotunza, na atujaalie kuwa waaminifu wa amana. Wabillahi tawfiq.