Kuendesha Baiskeli kwa Kundi Katika Njia za Changarawe

Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Methali hiyo ni ya kweli kwa mtu aendaye kwa miguu, lakini mpanda baiskeli yampasa kuifikiri zaidi. Baiskeli ikienda pole mno juu ya changarawe huyumba, na ikienda mbio mno huteleza. Basi sharti apate mwendo wa kadiri. Na akiwa katika kundi, mwendo huo uwe wa wote, wala si wa mmoja mwenye nguvu.

Siku hizi wako watu katika nchi yetu wakutanao mwisho wa juma na kusafiri pamoja kwa baiskeli katika njia za mashambani, kama zile zipitazo katika mashamba ya chai ya Limuru. Tena mwezi wa Juni mwaka 2021 mashindano ya Migration Gravel Race yalifanyika kwa mara ya kwanza huko Maasai Mara, na wapanda baiskeli wa Afrika ya Mashariki wakashindana na wageni kwa muda wa siku nne. Jambo hili ni la kusifiwa. Karani aliyeketi juma zima hupata kunyosha viungo, na mkulima apelekaye maziwa kwa baiskeli kila asubuhi hupata kuwafundisha wengine ayajuayo. Lakini njia ya changarawe ina sheria zake, na asiyezijua huweza kuwaumiza wenzake pamoja na nafsi yake.

Sheria ya kwanza ni kuacha nafasi. Katika barabara ya lami watu hufuatana karibu sana ili aliye mbele amkinge upepo aliye nyuma. Katika changarawe desturi hiyo ni ya hatari, kwani vumbi huziba macho, mawe hayaonekani mpaka umeyafikia, na breki hazishiki upesi. Acheni nafasi ya baiskeli mbili au tatu, na zaidi mnapoteremka mlima.

Ya pili, aliye mbele ni macho ya wote. Akiona shimo, mchanga mwingi, ng'ombe au gari, apaze sauti na kuonyesha kwa mkono, na kila mmoja ampashe habari aliye nyuma yake. Haifai mtu kukwepa jiwe ghafula akamwachia mwenzake.

Ya tatu, punguza mwendo kabla ya kona, baiskeli ikiwa bado imenyooka. Magari husukumia kokoto kando ya njia, na ukibana breki ya mbele juu ya kokoto hizo huku umeinama, gurudumu litateleza na kukutupa chini. Shika usukani imara bila kukaza mikono, na penye vijituta kama mabati inua mwili kidogo kutoka kitini. Mipira mipana isiyojazwa upepo hadi kuwa migumu hushika njia vizuri. Mvua ikinyesha juu ya udongo mwekundu, afadhali kushuka na kusukuma kuliko kuvunjika mkono.

Mtu asidhani kwamba hatari hii ni ya wanaojifunza tu. Sule Kangangi, Mkenya mwenzetu aliyekuwa nahodha wa Team Amani, alianguka na kufariki mwezi wa Agosti mwaka 2022 katika mashindano ya njia za changarawe huko Vermont, Marekani. Ikiwa stadi kama yule aliweza kupatwa na ajali, sisi tuendeshao kwa kujifurahisha yatupasa kuvaa kofia ngumu na kujihadhari zaidi.

Mwisho ni kungojana. Kwenye kila njia panda kundi lisimame mpaka wa mwisho afike. Wala wasiondoke mara tu wamwonapo, kwa maana hapo wenye nguvu watakuwa wamepumzika na mnyonge hakupumzika hata kidogo. Wampe muda wa kunywa maji na kuvuta pumzi. Mtu mmoja mzoefu akae nyuma siku zote, naye awe na bomba, viraka na gundi, ili aliyepata pancha asiachwe peke yake porini.

Wasomaji wetu, kabla ya kuondoka hesabuni watu, na mkirudi hesabuni tena. Hesabu zikilingana, na wote wakiwa wazima, safari hiyo ilikuwa njema, hata kama mmechelewa.