Minerval ya Goma: mkopo ni wa mjomba

Kenya ilipobadilisha mwaka 2023 namna ya kuwalipia wanafunzi wa chuo kikuu, ugomvi ulifika mahakamani. Goma hakuna hata mkopo wa kubishania. Masomo ya bure yaliyoanza Septemba 2019 yanaishia shule ya msingi. Chuo kikuu ni mzazi, mjomba, ama likelemba ya mama sokoni. Bursa kama Excellentia zipo, lakini ni za wenye pointi kubwa kwenye mtihani wa taifa.

Sasa shida imehamia kwenye njia ya kulipa. Minerval huhesabiwa kwa dola, na desturi ni kulipa benki, mwanafunzi akarudi na bordereau. M23 ilipoingia mjini Januari 2025, benki zilifunga milango. CADECO ilifunguliwa Aprili, sawa, ila akiba za wazazi wengi haziko huko. Franga inapita kwa simu ama mkononi, na kila mkono unakata. Mjomba akituma dola 100, hazifiki zote, na chuo kinadai zote.

Kwa mzazi huyo, kuruhusiwa kumalizia tranche ya mwisho baada ya mtihani ndicho kitu kinachokaribia mkopo. Na hilo linategemea chuo chenyewe.