Mrija Unaobaki Baada ya Sikukuu



Karibu kila sikukuu ya parokia zetu ina desturi moja ambayo hakuna aliyeiagiza na hakuna anayeihoji. Misa ikiisha, vijana wa protokoli hupita kati ya viti wakigawa soda, na katika kila chupa iliyofunguliwa huchomekwa mrija wa plastiki, ule ambao mjini wengi huuita shalumo. Mgeni huutumia kwa dakika kumi. Jioni makasha ya chupa hurudi kwa muuzaji, viti hurudi vilikokodishwa, masufuria hurudi kwa akina mama walioyaazimisha, na mirija hubaki uwanjani. Ndiyo kitu pekee cha sikukuu ambacho hakina mwenyewe wa kukirudia.

Sisi tunaona kwamba mrija huo uondoke, tena uondoke bila kungoja amri wala fedha. Ila hatukubaliani na wale wanaodhani kwamba kazi imekwisha mara tutakapoagiza mirija ya namna nyingine kutoka mbali.

Kuna neno ambalo husemwa mara jambo hili linapotajwa katika mikutano ya vijana, na ni neno lenye uzito: nchi hii ina watu wanaolala chini ya maturubai mwaka baada ya mwaka, ina watoto wasiosoma, nanyi mnaongea habari za mirija? Hatulidharau neno hilo. Kwa haki tuwaongezee hoja wenye kulisema: kwa uzito, mirija ni sehemu ndogo mno ya plastiki inayoingia baharini, haifiki hata moja kwa mia. Ile hesabu iliyozunguka dunia nzima, ya mirija milioni 500 kila siku katika Marekani, ilitokana na mtoto wa miaka 9, Milo Cress, aliyepiga simu kwa watengenezaji mwaka 2011 akakadiria. Mtoto alifanya kazi ya kusifiwa. Watu wazima ndio walioinakili hesabu yake bila kuhesabu upya. Basi hatutawaambia kwamba mrija wa Bukavu unaua bahari. Tunasema neno dogo kuliko hilo, lakini la karibu zaidi.

Ziwa Kivu halina mlango mwingine wa kutokea ila mto Ruzizi, unaoanza safari yake hapo Bukavu. Mwendo mfupi kutoka hapo limesimama bwawa la Ruzizi I, lililojengwa zamani za Wabelgiji katika miaka ya 1950, na chini yake Ruzizi II, linalotoa umeme kwa nchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi. Mji umejengwa juu ya miteremko mikali, na mifereji yake mingi imekuwa makorongo. Mvua ikinyesha, kilichotupwa Kadutu au Ibanda hushuka ziwani, nalo ziwa hukisukuma polepole hadi mbele ya bwawa. Huko takataka hujikusanya zikafunika maji kama mkeka. Wafanyakazi huzitoa, na wapiga mbizi hushuka kuondoa zile zilizozama, kwa maana zikiifikia mitambo huikwamisha. Mitambo ikikwama, mji hukaa gizani, na kituo cha afya kisicho na jenereta humzalisha mama kwa mwanga wa simu. Anayesema kwamba plastiki ni jambo la watu walioshiba, na aulize ni nani anayeumia kwanza umeme ukikatika. Mwenye jenereta hata hajui kwamba umekatika.

Ni kweli kwamba katika mkeka ule zinazoonekana ni chupa na vifuko, wala si mirija. Lakini angalieni njia ya kila kitu. Chupa ya plastiki ya lita moja na nusu haikosi mtu mjini kwetu: huoshwa, hutiwa mafuta ya mawese au mafuta ya taa au kasiksi, ikauzwa tena. Chupa ya kioo ya soda hurudi kiwandani, ikaoshwa na kujazwa tena mara nyingi. Huo ni utaratibu mzuri, na ziko nchi tajiri zinazojitahidi kuurudia baada ya kuuacha. Ndani ya chupa hiyo irudiyo sisi tunachomeka kitu kisichorudi. Mrija ni mwepesi mno. Mwokotaji hawezi kutimiza kilo moja ya mirija kabla ya jua kuchwa, basi hainami kuuokota. Umetengenezwa kwa polipropileni, nayo haiozi kama jani. Jua huufanya mkavu, ukakatika vipande, na vipande vikapungua hata samaki akaweza kuvimeza. Na wanaouchoma uani pamoja na takataka nyingine humpelekea jirani moshi wake.

Wala tusidhani kwamba mrija ni kitu tulicholetewa na wageni. Babu zetu wa maziwa haya walikunywa pombe ya mtama na ya ndizi kwa mirija ya matete, na Warundi na Wanyarwanda wana jina lake mpaka leo, umuheha. Kwa Wateso wa Uganda watu hukizunguka chungu kimoja, kila mmoja akivuta kwa mrija wake mrefu. Hebu tazameni kazi ya mrija ule. Pombe ya nafaka ina makapi yanayoelea juu. Mrija ulipita chini ya makapi, na mara nyingi mdomo wake wa chini ulitiwa chujio. Ulikuwa chombo chenye sababu. Soda haina makapi. Mrija tunaouchomeka katika chupa ya soda umechukua umbo la mrija wa babu, lakini kazi yake umeiacha nyuma.

Huko Ulaya na Marekani nako watu walikunywa kwa bua kavu la nafaka. Bua hilo lililegea na kutia ladha ya majani katika kinywaji, na Marvin Stone wa Washington, akikerwa na jambo hilo, alipata hataza ya mrija wa karatasi mwaka 1888. Plastiki ilikuja baadaye, katika karne ya 20, ikashinda kwa sababu ilikuwa rahisi na haikulegea. Sasa karatasi imerudi, na wengi wanaipokea kama suluhisho. Hapo ndipo tunapowaomba vijana wasiwe wepesi wa kuamini. Mwaka 2023 watafiti wa Ubelgiji, wa Chuo Kikuu cha Antwerp, walipima aina 39 za mirija zilizouzwa nchini mwao wakitafuta kemikali ziitwazo PFAS, ambazo huzuia maji na mafuta yasipenye na ambazo hazivunjiki kwa muda mrefu mno. Walizikuta katika aina 18 kati ya 20 za karatasi, na katika 4 kati ya 5 za mwanzi. Katika mirija ya chuma cha pua hawakuzikuta kabisa. Kiasi kilikuwa kidogo, na watafiti wenyewe walisema hatari kwa mtu anayekunywa mara moja moja ni ndogo. Hatutaki kuwatisha watu. Lakini ni ajabu kulipa bei kubwa zaidi kwa kitu kilichosafirishwa kutoka bara jingine, kikalegea kabla soda haijaisha, na ambacho usafi wake hatuna njia ya kuupima. Papa Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 211, alipotaja matendo madogo ya kila siku aliweka plastiki na karatasi pamoja kati ya vitu vya kupunguza. Hakusema tubadilishe kimoja kwa kingine.

Vipi basi mianzi yetu wenyewe? Mwanzi ni mzuri, lakini ukatwe shambani, si katika msitu wa Kahuzi-Biega, ambako machipukizi yake ni chakula cha sokwe. Matete yenye uwazi ndani, kama yale yaotayo kando ya Ruzizi, hukatwa kati ya kifundo na kifundo, huchemshwa, huanikwa, na yakishatumiwa hutupwa shambani yakawa mbolea. Kikundi cha vijana kinaweza kuyaandaa bila kununua kitu, nasi tungefurahi kuyaona siku ya sikukuu ya mavuno. Yasishirikiwe tu, mrija mmoja vinywa viwili, kama zamani. Tunaishi katika nchi yenye kipindupindu. Bua la jani la mpapai, ambalo watoto hulichezea, lina utomvu mchungu, na tunaliacha kwa watoto. Chuma cha pua hudumu miaka mingi, kinamfaa mtu mmoja anayekitunza na kukisugua ndani kwa brashi yake. Kwa wageni 300 hakifai, na mtoto anayekimbia na chuma kinywani ni hatari.

Ipo sababu iliyouleta mrija kwenye sikukuu, nasi hatuwezi kuufukuza mrija tukaiacha sababu ikikaa. Watu wanaogopa mdomo wa chupa. Wana haki: chupa imelala ghalani pamoja na vumbi na panya, na kizibo kimeacha duara la kutu. Mgeni akikataa kuweka midomo yake hapo, asiitwe mwenye maringo. Lakini mwangalieni kijana anayegawa. Mirija iko mkononi mwake tangu mlangoni, huichomoa mmoja mmoja kwa vidole vilivyoshika noti, bega la kijana mwenzake na kifungulio, na mara nyingi huishika kwenye ncha ile ile itakayoingia kinywani. Usafi tunaoununua hapo ni wa macho tu. Afadhali chupa zioshwe kwa sabuni kabla ya kufunguliwa, zisuuzwe kwa maji safi, na mdomo wa kila chupa upanguswe kwa kitambaa kisafi baada ya kizibo kutoka. Afadhali zaidi kinywaji kimiminwe katika kikombe. Njia bora ya kuacha mrija, katika hali nyingi, ni kunywa kama mtu anywavyo maji nyumbani kwake.

Katika hali nyingi, tumesema, si zote. Mzee ambaye mikono yake inatetemeka, mgonjwa aliyelala chali, ndugu mwenye ulemavu asiyeweza kuinua kikombe: kwao mrija si pambo. Joseph Friedman, aliyebuni mrija wa kupinda na kupata hataza yake mwaka 1937, alipata mteja wake wa kwanza mwaka 1947, na mteja huyo alikuwa hospitali. Umoja wa Ulaya ulipokataza mirija ya plastiki kuanzia Julai 2021, uliiacha ile ya matibabu. Nasi tufanye hivyo. Pakiti moja, imefungwa, ikae kwa kiongozi wa protokoli, na anayeiomba apewe bila kuulizwa ugonjwa wake mbele ya watu. Hapo plastiki ni bora kuliko chuma, kwa maana chuma huumiza meno ya mtu asiyeweza kutuliza kichwa chake.

Kuhusu sheria tutasema machache. Serikali yetu ilitoa amri namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 kukataza mifuko, vifuko na vifungashio vingine vya plastiki. Nendeni sokoni leo mkaone inavyoheshimiwa. Kenya ilikataza mifuko mwaka huo huo wa 2017. Rwanda ilitangulia mwaka 2008, ikaongeza mwaka 2019 vitu vyote vya plastiki vya kutumia mara moja, na aliyewahi kuvuka Ruzizi na mfuko mkononi anajua ulivyoishia mpakani. Sisi hatuna polisi wa kuwaweka mlangoni. Tuna kitu kimoja tu: plastiki hii hugawiwa na mikono yetu wenyewe, kwa wageni wetu, uwanjani petu. Chupa na mifuko vinatujia kutoka kwa wauzaji, na kuvikataa kunataka nguvu na muda. Mrija tunaweza kuacha kuununua Jumamosi ijayo.

Limebaki jambo linalotusumbua kuliko yote, na hatujalisikia likizungumzwa. Vikombe huoshwa. Wageni 300 ni vikombe 300. Kwa lita moja ya kusugua na kusuuza kila kimoja, ni lita 300, yaani bidoni 15 za lita 20, zitekwe kisimani au kwenye bomba la mtaa na kupandishwa mlimani. Nani atazibeba? Kwa jinsi tunavyoishi, jibu linajulikana kabla ya kuuliza: wasichana, na mama zao, wakati wavulana wanapanga vipaza sauti. Ikiwa tutauondoa mrija uwanjani kwa kuweka bidoni juu ya vichwa vya wasichana wale wale, tutakuwa tumehamisha mzigo tu. Kwa hiyo tunaomba kila kikundi kinachotaka kuacha mirija kiandike orodha ya watekaji na waoshaji kabla ya kwenda kununua soda, nusu yake iwe wavulana, kwa majina na zamu zao, na orodha ibandikwe mlangoni mwa ukumbi. Kikundi kisichoweza kuijaza orodha hiyo kiache vikombe kwanza, kioshe midomo ya chupa, na wageni wanywe humo.